Wosia wa Pili Usiwatawanye Ndugu

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na watumishi wa shirika letu kwa wanakamati wa parokia, mbele ya wageni wetu wafadhili. Tunaichapa hapa kwa ukamilifu wake ili kamati ambazo hazikuwepo ziisome katika vikao vyao na katika jumuiya ndogo ndogo.





  Mmetuomba tuzungumzie jambo ambalo kamati nyingi hutuletea, nalo ni ndugu wa tumbo moja kugombana baada ya msiba kwa sababu mzazi wao, kabla ya kufariki, alibadilisha wosia.

Pengine mgeni atauliza: shirika la maendeleo, lenye kazi ya visima na vikundi vya kuweka na kukopa, linahusikaje na wosia? Wanakamati mnalijua jibu. Shamba lenye kesi halipaliliwi. Kahawa haipogolewi kwa sababu hakuna mwenye uhakika nani atavuna. Bomba la maji haliwezi kupita mahali ambapo ndugu wawili kila mmoja anadai ndiye mwenye ardhi. Fedha iliyokuwa ya ada inaishia kwenye nauli ya kwenda mahakamani. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, wakimaanisha kwamba ugomvi wa ndugu hupita na msimu. Ugomvi wa wosia haupiti hivyo, kwa kuwa kinachogombewa ni hilo hilo shamba la kuvuna.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano tunaoutumia katika semina zetu. Hii si habari ya familia moja. Tumekusanya mambo yanayojirudia, tukayaweka katika nyumba moja ya mfano kwenye vihamba vya Kilimanjaro.

Mzee ana watoto watano, wavulana watatu na wasichana wawili. Mwaka 2009, mkewe akiwa hai, anaandika wosia kwa kufuata desturi. Kifungua mimba wa kiume alishapewa kihamba chake alipooa. Kijana wa kati anapewa shamba la mahindi la tambarare. Kitinda mimba wa kiume anapewa nyumba ya wazazi na kihamba kinachoizunguka. Mabinti hawatajwi kwa kuwa wameolewa. Wosia unasomwa mbele ya baba mdogo, mjomba na majirani wawili, na watoto wote wanaujua.

Miaka inapita, mama anafariki. Mwaka 2014 mzee anapata kiharusi. Kitinda mimba yuko Dar es Salaam, anaendesha lori. Binti mkubwa ndoa yake imevunjika na amerudi nyumbani na watoto wawili. Ndiye anayemwogesha baba, anayemlisha, anayemgeuza usiku, anayempeleka kliniki. Anafanya hivyo kwa miaka sita. Mwaka 2019 mzee anaandika wosia mwingine. Anampa binti huyo nyumba na nusu ya kihamba. Kwa kuogopa kufokewa na wanawe, anaita mashahidi wawili tu, jirani mmoja na mzee mmoja wa jumuiya, na anawaomba wanyamaze mpaka afe. Mwaka 2020 anafariki.

Siku ya kuanua tanga, majirani wakiwa wameondoka na ukoo umebaki, karatasi mbili zinatolewa. Kaka mkubwa anasema dada amemlaghai mzee akiwa hajitambui. Kitinda mimba, ambaye alikuwa ameezeka nyumba ile kwa bati jipya akijua kwamba ni yake, anauliza jambo moja tu: "Mimi nitazikwa wapi?" Ninyi mnaotoka milimani mnajua uzito wa swali hilo, maana makaburi ya wazazi yako palepale kihambani. Dada naye anajibu, "Na ninyi mlikuwa wapi usiku ule mzee analia?"

Tunawaomba mtazame vizuri hapo. Dada hakughushi karatasi. Kitinda mimba hakuwa mlafi, kwani aliahidiwa mbele ya ukoo na akaweka fedha yake kwenye ahadi hiyo. Mzee hakuwa amerukwa na akili. Kila mmoja ana jambo la haki mkononi, na bado ndani ya mwezi mmoja hawasalimiani, na watoto wao wanakatazwa kuchota maji kwenye bomba moja.

MASWALI MAWILI YASICHANGANYWE

Familia inapofika hapo huwa na maswali mawili. La kwanza ni hili: je, karatasi ya pili ni wosia halali? La pili: vyovyote jibu litakavyokuwa, tutaishije kama ndugu?

Swali la kwanza ni la sheria, na anayelijibu kwa mamlaka ni mahakama. Swali la pili ni la ndugu wenyewe, na hakuna hakimu anayeweza kuwajibia. Madhara makubwa hutokea maswali haya yanapochanganywa. Kikao cha ukoo kinajipa kazi ya hakimu na kutamka kwamba karatasi imefutwa. Ndugu nao wanapeleka mahakamani uchungu wao, wakitumaini hakimu atasema nani alimpenda baba zaidi. Hakimu ataangalia tarehe, sahihi na mashahidi. Suala la upendo litarudi nyumbani vile vile lilivyokwenda.

SHERIA INASEMA NINI

Hapa Tanzania mirathi huongozwa na sheria za aina tatu: sheria za mila, sheria ya Kiislamu, na sheria ya serikali, ambayo kwa upande wa wosia ni Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 tuliyorithi kutoka kwa wakoloni. Mahakama huangalia marehemu aliishi maisha ya namna gani na alikusudia mali yake iongozwe na sheria ipi. Kuwa na jina la ubatizo peke yake hakumtoi mtu kwenye sheria za mila. Ni vema wanakamati wayajue mambo yafuatayo:

- Chini ya Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 (Tangazo la Serikali Na. 436), mtoa wosia wa maandishi anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma na kuandika anahitaji wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Mashahidi wawepo wote kwa wakati mmoja, na wawe wanajua kusoma na kuandika.

- Wosia wa mdomo nao unakubalika kimila ukiwa na mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje.

- Wosia wa mdomo hauwezi kufuta wosia wa maandishi. Maneno ya mzee akiwa kitandani hospitali, hata yakisikiwa na watu kumi, hayaondoi karatasi iliyoandikwa kihalali. Wosia wa maandishi hufutwa kwa wosia mwingine wa maandishi.

- Mtoa wosia awe na akili timamu, afanye kwa hiari yake, na wosia uwe na tarehe na sahihi yake au dole gumba. Uandikwe kwa wino usiofutika au upigwe chapa. Anayenufaika na wosia asiwe shahidi.

- Mzazi anayetaka kumnyima mtoto urithi kimila hana budi kutamka hivyo waziwazi na kutaja sababu. Sababu zinazotambuliwa ni pamoja na mtoto kujaribu kumuua mzazi au kumdhuru vibaya, na kutomtunza wakati wa njaa au ugonjwa bila sababu ya maana. Mtoto huyo ana haki ya kupewa nafasi ya kujitetea mbele ya mzazi au baraza la ukoo.

- Kwa ndugu zetu Waislamu, wosia hauzidi theluthi moja ya mali, na mrithi hapewi nyongeza kwa wosia isipokuwa warithi wengine wakiridhia baada ya kifo.

- Mtu hugawa kilicho chake. Mume hawezi kuigawa mali ya mkewe katika wosia, wala shamba alilokwisha kumpa mtoto akiwa hai na mtoto akalimiliki.

Sasa turudi kwenye nyumba yetu ya mfano. Mashahidi wa wosia wa mwaka 2019 walikuwa wawili, jirani na mzee wa jumuiya. Wote si wa ukoo. Mahakama ikiona kwamba marehemu aliishi kwa mila, wosia ule uko hatarini kuanguka, na ule wa mwaka 2009 kusimama. Mahakama ikiona kwamba sheria ya serikali ndiyo inayohusika, mashahidi wawili wanaweza kutosha. Kwa hiyo dada huyu, baada ya miaka sita ya kumuuguza baba yake, anaweza kupoteza kila alichoachiwa kwa sababu baba mdogo, aliyekaa umbali wa kutembea dakika kumi, hakuitwa. Mzee alificha ili amlinde binti yake, na kule kuficha ndiko kulikomwacha bila ulinzi.

Wengi wetu tunapokutana na wosia uliobadilishwa tunashuku ujanja. Ujanja upo. Wako wazee walioshikishwa kalamu, na wako waliosomewa jambo moja wakatia dole gumba kwenye jambo lingine. Lakini mzazi ana haki ya kubadili. Mrithi anaweza kufa kabla yake, shamba linaweza kuuzwa kwa matibabu, mjukuu yatima anaweza kuletwa nyumbani. Aidha, tukumbuke kwamba mpangilio wa kimila wa mwaka 1963 uliwaweka mabinti daraja la mwisho katika urithi, hivyo mara nyingi wosia wa pili ndio unaomfikia binti. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ilishughulikia shauri la mwanamke wa Kagera aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake kisha akaliuza. Mahakama iliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya namna hiyo kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume. Kamati isianze basi kwa kudhani kwamba wosia wa kwanza ni wa haki na wa pili ni wa hila, wala kinyume chake.

HESABU YA MATUNZO

Tumejiuliza kwa nini wosia wa pili unauma kuliko wa kwanza hata pale mali ni ndogo, nusu eka na nyumba ya vyumba vitatu. Tunachokiona ni kwamba chini ya ugomvi wa mali kuna hesabu nyingine ambayo haikufanywa mzazi akiwa hai, yaani hesabu ya nani alimtunza.

Aliyebaki nyumbani anahesabu usiku. Anahesabu shuka alizofua, safari za kliniki, kazi aliyoiacha, mchumba aliyechoka kusubiri. Aliyeko mjini anahesabu fedha. Anakumbuka kila alichotuma kwa simu, mkopo aliochukua mama alipolazwa, sikukuu ambazo hakwenda nyumbani ili nauli iwe dawa. Kila mmoja anaijua hesabu yake na hakuna anayeijua ya mwenzake. Mzee peke yake ndiye aliyeziona zote mbili, au alidhani ameziona. Anapoandika wosia wa pili anakuwa amefunga hesabu hiyo bila kumwonyesha mtu. Karatasi inaposomwa, mtoto wa mjini hasikii kwamba dada yake amepewa nyumba. Anasikia baba akisema kutoka kaburini, "Wewe hukunitunza." Na hana tena mtu wa kumjibu.

Tumekwisha kuona kwamba hata sheria ya mila inayatambua matunzo, kwa kuwa kumtelekeza mzazi mgonjwa ni sababu ya kunyimwa urithi, lakini kwa sharti kwamba mtoto asikilizwe. Wazee walioitunga mila hiyo walijua kwamba shutuma ya namna hii haisemwi mtu akiwa hayupo.

Kwa mantiki hiyo, tunapendekeza familia yenye mzazi mzee au mgonjwa iweke daftari la matunzo. Ni daftari la kawaida la shule. Anayekaa na mzazi anaandika siku za kliniki, dawa zilizonunuliwa na aliyekuja kumpokea zamu. Fedha iliyotumwa inaandikwa pamoja na jina la aliyetuma na kilichonunuliwa. Daftari hili lisigeuzwe ankara ya kudaiana baadaye. Kazi yake ni kuwawezesha ndugu kuona. Kijana wa mjini akisoma kwamba katika mwezi mmoja dada yake hakulala usiku kumi na tisa, huwa anaanza kuzungumza tofauti. Dada naye akiona jumla ya kilichotumwa kwa mwaka, hataweza tena kusema wamemtupa.

Daftari lifunguliwe mbele ya wote angalau mara moja kwa mwaka. Desemba, watu wanapopanda kwenda nyumbani kwa Krismasi, ndiyo nafasi nzuri. Kabla ya kuchinja, wakae saa mbili. Waulizane: nani amechoka? Nani ampokee zamu kwa miezi mitatu? Kama hawezi kuja, achangie nini ili msaidizi aajiriwe? Mzee awepo na asikie. Baada ya kikao kama hicho, mzee anayetaka kumwongezea sehemu yule aliyemtunza anaweza kulisema hadharani, na wengine watakuwa wamekwisha kuiona sababu kwa macho yao.

KUBADILISHA WOSIA MCHANA

Tunawashauri wazazi, na ninyi wanakamati mtusaidie kuwafikishia, kwamba anayetaka kubadilisha wosia afanye hivi:

1. Asikwangue wala asiandike juu ya mistari ya zamani. Aandike wosia mpya kamili, na mwanzoni aseme kwamba wosia huu unafuta ule wa tarehe fulani, akiitaja tarehe hiyo.

2. Aite mashahidi wa ukoo na wa nje, hata kama yeye ni msomi na anaamini sheria ya serikali ndiyo itakayomhusu. Mashahidi wanne hawaharibu wosia wowote, ila wawili wa upande mmoja wanaweza kuuharibu. Inafaa walioshuhudia wosia wa kwanza, kama wako hai, wawemo.

3. Aandike sababu ya badiliko kwa maneno machache yasiyotukana. Sababu iliyoandikwa na mzazi mwenyewe inawaepusha watoto kutunga sababu zao.

4. Kama ni mgonjwa au ana umri mkubwa, apate barua ya daktari anayemtibu kwamba ana akili timamu, yenye tarehe ya siku hizo hizo.

5. Amtafute kwanza yule anayepungukiwa. Kama kijana aliezeka nyumba au alipanda miti kwa kuamini ahadi ya kwanza, mzazi aseme mchango huo utafidiwaje. Ahadi aliyoitoa mbele ya watu aiondoe mbele ya watu.

6. Aweke nakala mahali salama. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ulioanza kazi mwaka 2006, hupokea na kutunza wosia. Wengine huweka kwa wakili au benki. Nakala za zamani zichomwe mbele ya mashahidi ili siku ya tanga zisitolewe karatasi mbili.

Wako wazazi watakaosema, "Nikisema nikiwa hai, nyumba itawaka moto." Huenda ni kweli. Lakini moto huo ukiwaka mzee yupo, yeye mwenyewe ni maji. Anaweza kueleza na kukemea, na hata kurekebisha pale alipopitiwa. Na panapokuwa na tishio la kweli kwa mzee au kwa yule anayemtunza, taarifa ipelekwe kwa msaidizi wa kisheria na serikali ya kijiji, na wosia uandikwe kwa wakili au RITA. Hata hapo shahidi wa ukoo mwaminifu atafutwe.

KAZI YA KAMATI YA PAROKIA

Ndugu wanakamati, kuna mambo ambayo kamati ifanye na mengine isiyaguse.

Ifanye uhamasishaji wakati ambapo hakuna msiba. Jioni moja ya jumuiya ndogo ndogo inatosha kueleza habari ya mashahidi na daftari la matunzo. Iwatembelee wanaouguza wazazi, na iwapigie simu ndugu walioko mbali. Mara nyingi simu kutoka kwa mwenyekiti wa jumuiya husikilizwa pale simu ya dada imekataliwa.

Msiba ukishatokea na karatasi mbili zikapatikana, kamati ishauri mambo manne. Kwanza, asiyepo asihukumiwe, na kikao kisubiri wote wafike. Pili, karatasi zote mbili zitolewe nakala na asiachwe mtu mmoja kuzishika peke yake. Tatu, pasiwepo kuuza, kukata migomba wala kuhamisha mipaka mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe. Nne, familia ichague mtu wa kuomba usimamizi, au imkubali aliyetajwa na wosia, na kwenda mahakamani ikiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao. Mirathi ya kimila na ya Kiislamu inaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi. Msimamizi aliyeteuliwa huko anatakiwa kuwasilisha taarifa ya mali na madeni ndani ya miezi 4, isipokuwa mahakama ikimwongezea muda. Asiyeridhika na uamuzi anakata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Wengi hukimbilia Baraza la Kata, lakini tangu mwaka 2021 kazi ya baraza hilo katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu, na suala la uhalali wa wosia ni la mahakama.

Wakati mahakama ikishughulikia karatasi, kamati iwasaidie ndugu na lile swali la pili. Warithi watu wazima wanaweza kukubaliana kwa hiari yao mgawanyo ambao wote wataweza kuishi nao, wakauandika, wakautia sahihi, na msimamizi akaupeleka mahakamani. Katika nyumba yetu ya mfano mapatano yanawezekana. Dada akae katika nyumba na kulima nusu ya kihamba maisha yake yote. Kitinda mimba arudishiwe gharama ya bati kutokana na mauzo ya kahawa. Eneo la makaburi na njia ya kulifikia liwe la wote na lisiuzwe. Hakuna aliyepata kila alichoandikiwa, lakini kila mmoja amejibiwa lile lililomuuma.

Yale ambayo kamati isiyaguse ni haya. Isitamke kwamba wosia ni halali au ni batili. Isiwe mshika wosia bila kitabu cha makabidhiano chenye sahihi. Isikubali mjumbe wake awe msuluhishi katika ugomvi wa ndugu zake.

Na tuseme jambo moja gumu. Wakati mwingine wosia wa pili unaitaja parokia. Mzee ameandika kwamba kiwanja kiende kanisani, na watoto wanakiona kama chakula chao kilichochukuliwa. Kiongozi wa parokia asishuhudie wosia unaoinufaisha parokia. Mzee akileta nia hiyo, aulizwe kama watoto wanajua, na aombwe alete walau wawili kati yao. Kama zawadi hiyo itamwacha mjane au mtoto bila pa kuishi, tunashauri parokia ishukuru na isiipokee. Zahanati iliyojengwa juu ya machozi ya yatima haitawavuta wagonjwa wa kijiji hicho.

TUNACHOJIFUNZA KATIKA MAANDIKO

Katika kitabu cha Mwanzo, Isaka alikuwa mzee asiyeona alipotoa baraka yake chumbani, mtoto mmoja akiwa porini akiwinda. Esau aliporudi alilia kwa uchungu na kutaka kumuua ndugu yake. Ilichukua miaka mingi ya uhamishoni kabla Yakobo na Esau hawajakumbatiana. Baraka iliyotolewa kwa siri iliwagharimu wote wawili, na Rebeka mama yao, aliyeipanga hila hiyo, hatusomi popote kwamba alimwona tena Yakobo mwanawe.

Katika Injili ya Luka, mlango wa 12, mtu mmoja alimwomba Yesu amwamuru ndugu yake wagawane urithi. Yesu alikataa kuwa mgawanyaji, kisha akawaonya watu juu ya tamaa. Kamati zetu zikipata kishawishi cha kugawa mashamba ya watu, zikumbuke kukataa huko. Kazi iliyobaki kwetu ni ile ya kuwasaidia ndugu kuonana ana kwa ana kabla ya mali kugawanywa.

KWA WAFADHILI WETU

Wageni wetu mtaona kwamba mengi tuliyosema hayahitaji fedha nyingi. Daftari, nauli ya msaidizi wa kisheria kwenda kigangoni, nakala za kijitabu cha wosia, na siku mbili za mafunzo kwa wanakamati. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliopata mafunzo na kusajiliwa, na hao ndio tunaotaka wawepo katika kila parokia. Kazi hii haina jiwe la msingi la kuzindua wala picha ya kupiga. Matokeo yake ni kesi ambayo haikufunguliwa, na mti wa kahawa uliopogolewa kwa wakati wake. Tunawaomba mkubali taarifa za namna hiyo kuwa ni mafanikio halisi.

Ndugu wanakamati, mnaporudi nyumbani kuna jambo moja tunalowaomba mlifanye kabla ya kikao chetu cha robo ijayo. Kila jumuiya iorodheshe wazee walio wagonjwa na jina la yule anayemtunza kila mmoja wao. Mtembeleeni mtunzaji huyo. Mwulizeni amechoka kiasi gani, na ndugu zake wanajua nini. Mkishajua hayo, leteni taarifa, nasi tutapanga pamoja ni familia zipi zisaidiwe kukaa Desemba hii.